Kosa Lililopandishwa Cheo

Haya hayakutokea zamani, wala hayakutokea kwetu. Kwetu, Mungu apishe mbali, hayawezi kutokea. Yalitokea katika Jamhuri ya Shwari, nchi iliyo ng'ambo ya nchi ya jirani, ambako ukimuuliza mtu "Hali?" sheria inamtaka ajibu kwa jina la taifa lake. Anayejibu vinginevyo huulizwa vyeti vya uraia.

Basi katika nchi hiyo uliingia mwaka ambao Serikali iligundua kwamba haijawahi kukosea. Iligundua hivi. Mheshimiwa Waziri wa Maji ya Kunywa na Maji Mengineyo alisafiri kwenda kwenye mkutano wa mataifa kuhusu ubunifu kazini, akawasikia wakubwa wa nchi nyingine wakisimama mmoja mmoja na kusimulia walivyoshindwa. Huyu alijenga daraja, likazama. Yule alinunua mashine elfu moja za kuhesabia ng'ombe, ng'ombe wakazila. Kila aliyemaliza kusimulia alisema amejifunza nini, akapigiwa makofi, akaletewa chai. Zamu ya Shwari ilipofika, Waziri wetu, samahani, Waziri wao, alisimama, akapekua mkoba wake mfuko kwa mfuko, asipate humo kosa hata moja. Hakupigiwa makofi. Inasemekana hata chai aliletewa ya vuguvugu.

Alirudi amefura. "Haiwezekani," aliwaambia waliompokea uwanja wa ndege, kabla hata hajavikwa shada, "nchi yenye wasomi kama sisi ikose makosa!"

Kabla ya mwezi kwisha ukatoka Waraka wa Ubunifu Namba Moja. Ulikuwa na kurasa tisini, lakini kiini chake kilikaa mstari mmoja: kila mtumishi wa umma athubutu, akosee na ajifunze, kabla ya tarehe thelathini. Atakayeshindwa kukosea angechukuliwa hatua. Aliyekusudia kukosea aombe kibali siku kumi na nne kabla, kwa nakala tatu, aambatishe na picha mbili ndogo. Kila ofisi ikaletewa Sanduku la Makosa lenye kufuli tatu, na funguo zake wakapewa watu watatu wasiosemezana, kwa usalama. Zikashonwa fulana: NIMEKOSEA, NIMEJIFUNZA. Ukatungwa wimbo, ukaimbwa redioni asubuhi na jioni: Tumekosa, tumekosa, na bado tutakosa! Wananchi waliokuwa wamepanga ndoo kwenye mabomba makavu waliuimba kwa sauti nzito sana. Serikali ikafurahi kuona wananchi walivyouelewa.

Sasa, msomaji, lugha ya Shwari haipishani sana na yetu, na hapo ndipo nyoka alipojificha. Kwao nao neno ni hilo hilo moja. Mwanafunzi akiandika saba mahali pa tisa, ni kosa. Mtu akivunja duka la watu, ni kosa. Mwalimu analo, askari analo, hakimu analo. Neno moja lina nyumba mbili. Ya kwanza utakaribishwa uketi, ya pili utafungiwa mlango kwa nje. Na ukilibishia hodi hujui umesimama mlango gani.

*

Bi Siwema Lwambo hakujua. Alikuwa fundi sanifu wa maabara katika Idara ya Upimaji wa Maji, mwenye stashahada yake ya haki, aliyoisomea akila mlo mmoja kwa siku. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Kila Jumatatu alichota maji kwenye matangi manne ya mji, akadondoshea matone matano ya dawa ya kupimia, akangoja. Maji machafu yangegeuka ya njano. Maji safi yangebaki yalivyo. Yakibaki, alipiga muhuri: SALAMA. Kwa miezi kumi na minne maji hayakugeuka hata mara moja, na muhuri haukukauka wino.

Siku moja akaingia mwanamke wa makamo, kanga moja kiunoni na nyingine begani, ametembea kutoka Mtaa wa Bondeni, unaokunywa Tangi Namba Nne. Jina lake Mama Chausiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpima maji?"

"Ndimi."

"Haya maji yenu yanatukata matumbo. Mtaa mzima. Mjukuu wangu Tatu yuko wodini, hii wiki ya pili."

Siwema alimpa pole, akamkalisha, kisha, kwa adabu zote, akamwonyesha cheti cha Tangi Namba Nne. Tarehe ipo, sahihi ipo, muhuri upo, wa duara, wa zambarau. Mama Chausiku alikitazama, akakirudisha mezani kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza kitu cha kunuka.

"Kumbe tumbo la mjukuu wangu ndilo linalosema uongo," alisema, akaondoka.

Siwema alikivuta kile cheti, akakisoma tena. Chuoni waliwahi kufundishwa kwamba kipimo kisichowahi kukataa hakipimi. Alilijua hilo tangu mwezi wa tatu wa kazi. Alilijua, akalifunika, kwa sababu kuwa sahihi kila Jumatatu ni kutamu, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Aliichukua chupa ya dawa, akaigeuza huku na huku. Mahali tarehe ya mwisho wa matumizi ilipoandikwa palikuwa pamebandikwa kikaratasi cha Serikali: MALI YA UMMA, USIBANDUE. Akabandua.

Dawa ilikuwa imekufa miaka mitatu. Ilikuwa imeshakufa hata kabla yeye hajaajiriwa. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akidondoshea maji ndani ya maji na kupiga muhuri.

Aliketi sakafuni. Baada ya muda akainuka, kwa kuwa sakafu haipimi maji. Akakumbuka jambo alilolisoma zamani, akachanganya vikemikali vilivyobaki kabatini, akachovya vipande vya karatasi nyeupe, akavikausha, akavitia ndani ya chupa tupu za soda, kila moja na maji ya tangi lake, akaziweka dirishani penye joto. Maji safi yangeiacha karatasi nyeupe. Maji yenye kinyesi yangeitia weusi. Siku ya pili chupa tatu zilikuwa na karatasi nyeupe. Ya nne ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria ya mama lishe. Akarudia. Nyeusi. Akarudia tena. Nyeusi.

"Umepata kipimo," alisema Bi Nyamizi, karani wa masjala, aliyekuja kuchungulia. Bi Nyamizi alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu, na kila mwezi ulipokwisha alivunja jino moja la kitana chake. "Kizuri. Rahisi. Sasa kifiche."

"Nikifiche? Watu wanakunywa mavi, Bi Nyamizi! Na aliyewagongea muhuri ni mimi. Nataka lile tangi lifungwe leo. Nitajaza fomu ya kosa."

"Mwanangu, hapa kosa halisomwi. Hapa kosa linakamatwa."

"Lakini Waraka unasema tukosee tujifunze."

"Waraka husema. Ndiyo kazi yake. Waliozitii nyaraka za kabla ya huu wote nimewafaili mimi mwenyewe kwa mikono hii. Wako kabati la tatu, droo ya chini, wanaliwa na panya."

Siwema alijaza fomu. Hakuandika "huenda" wala "inasadikika". Aliandika: Nilithibitisha maji bila kuwa na kipimo. Nilishuku, nikanyamaza. Watu wanaumwa. Kwenye safu ya saba, Hatua Inayopendekezwa, aliandika maneno matano: Fungeni Tangi Namba Nne leo. Akaikunja, akaitumbukiza sandukuni. Ilianguka na kishindo, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza.

*

Tarehe thelathini wenye funguo walipatanishwa kwa muda, sanduku likafunguliwa mbele ya watumishi wote. Mkurugenzi wa Idara, Ndimbwelu, ndiye aliyesoma. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti iliyozoea vipaza sauti hata mahali pasipokuwa navyo, na siku hiyo alivaa fulana ya makosa juu ya shati na tai.

Alianza na la kwake, kwa mfano mwema. "Mimi, Mkurugenzi, nilikosea. Niliwahi mno kazini, nikawashtua walinzi. Nimejifunza kuwahi kwa kiasi." Makofi. Mhasibu alikiri kwamba analipenda taifa kupita kipimo. Makofi. Ofisa Rasilimali Watu alikiri kwamba unyenyekevu wake umevuka mipaka, hata watu wanashindwa kuona mambo makubwa anayoyafanya. Makofi, na mtu mmoja akatokwa na machozi.

Kisha zikaja fomu arobaini na tatu mfululizo, zote zikisema: Nilisahau kufunga dirisha. Sababu ni kwamba Wizara ilikuwa imeambatisha kielelezo cha fomu iliyojazwa, na katika kielelezo Fulani bin Fulani alisahau kufunga dirisha. Watumishi wa Shwari ni watiifu. Wengine walinakili hata sahihi ya Fulani bin Fulani. Jengo lilikuwa na madirisha sita.

"Hili ni janga," alisema Mkurugenzi kwa huzuni. Hapo hapo ikaundwa Kamati ya Madirisha, na kabla ya wiki kwisha madirisha yote sita yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Ukawa ubunifu wa kwanza wa mwaka. Watumishi wakafanya kazi gizani, wakitokwa jasho, na haijasikika tena kwamba kuna mtu aliyesahau kufunga dirisha.

Ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa chini kabisa, ilikuwa ya Siwema. Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mpaka katikati. Halafu akaisoma kimya. Halafu akaigeuza nyuma kuona kama kuna mahali pameandikwa "natania".

"Bi Siwema," alisema taratibu, "hili ni kosa."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Ninamaanisha ni kosa kweli."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Na tangi?"

Mkurugenzi alitoka upesi, akapiga simu wizarani, na kwa kuwa alipiga akiwa koridoni na sauti yake ni ile ile, Idara nzima ilisikia.

"Mheshimiwa, tumepata moja! ... Hapana Mheshimiwa, si la dirisha. ... La kweli. ... Ndiyo, lina wagonjwa. ... Mia mbili na kumi, kwa hesabu ya zahanati. ... Mheshimiwa? Mheshimiwa, unalia?"

Waziri alikuwa analia kwa furaha. Hatimaye Shwari ilikuwa na kosa la kiwango cha kimataifa.

*

Siwema aliitwa wizarani wiki iliyofuata. Alikwenda na chupa yake ya nne ndani ya mfuko, akidhani wataitaka. Alikuta meza ndefu, watu tisa, chupa tisa za maji yaliyoagizwa nchi za nje, na Waziri mwenyewe kichwani pa meza.

"Karibu, binti yangu," alisema Waziri. "Taifa linakushukuru. Tatizo ni moja tu. Ofisa Utumishi, mweleze."

Ofisa Utumishi alikohoa. "Bi Siwema, wewe uko daraja la tano. Kosa hili, kwa ukubwa wake, ni la daraja la kumi na nane kwenda juu. Kwa mujibu wa muundo wa utumishi, limekuzidi cheo. Mtumishi hawezi kumiliki kosa lililomzidi cheo."

"Basi lichukueni," alisema Siwema. "Sililii. Mimi nataka tangi lifungwe."

"Tulijua utaelewa," alisema Waziri. "Kosa limepandishwa cheo. Kwanza lilipanda kwa Mkurugenzi Ndimbwelu, akalishika siku tatu, sasa limefika kwangu. Nitalisimulia mwenyewe mbele ya mataifa. Nimeshaanza kulifanyia mazoezi." Alisimama, akaweka mkono kifuani. "Nilishuku... nikanyamaza!" Watu wanane wakapiga makofi. Wa tisa alikuwa anaandika kwamba makofi yamepigwa.

"Na tangi, Mheshimiwa?"

"Tutafika. Mwanasheria."

Mwanasheria alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyesema kila neno kana kwamba analipima uzito. "Kuna jambo dogo. Kosa hili, tukilichambua, lina sehemu mbili. Kuna funzo, na kuna adhabu. Funzo limepanda ngazi, kama ulivyosikia. Adhabu haina sifa za kitaaluma za kupanda. Imebaki daraja la tano."

"Kwangu."

"Kwako. Mashtaka ni matatu. La kwanza, kukosea bila kibali. Hukuomba siku kumi na nne kabla."

"Ningeombaje kibali cha jambo nisilojua kwamba linatokea?"

"Hilo lingekuwa swali zuri kwenye ombi la kibali. La pili, kubandua mali ya umma, yaani kile kikaratasi. La tatu ni zito." Alishusha miwani. "Kubuni."

Siwema alidhani hakusikia vizuri. "Waraka wenu ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, unasema tubuni."

"Unasema ubunifu. Ubunifu ni wa Wizara. Kubuni ni kosa. Umebuni kipimo, kwa hiyo majibu yake ni ya kubuni. Majibu ya kubuni ni taarifa za uongo. Ni Kiswahili chepesi tu, dada yangu."

Msomaji, Siwema aliipenda lugha yake. Alikuwa mtu wa kumsahihisha mtangazaji wa redio peke yake jikoni. Siku ile alihisi kama mtu anayemwona mama yake akiburutwa sokoni kwa nywele, na wanaomburuta wanaimba wimbo wa kumsifu.

"Mnajua maana ya maneno haya," alisema. "Mnajua vizuri kabisa. Msijifanye wajinga, hamjabahatika kuwa wajinga. Mjinga angelifunga tangi. Angeogopa." Akaitoa chupa mfukoni, akaitua mezani katikati ya chupa zao tisa. Karatasi ndani yake ilikuwa nyeusi tii. Watu tisa wakavuta viti nyuma.

"Wataalamu wetu wamekiona kipimo hicho," alisema Waziri kwa upole. "Ni kizuri, ila kinatia watu hofu. Mwananchi akiona karatasi nyeupe inageuka nyeusi anafadhaika. Tumekiboresha. Sasa karatasi zinatengenezwa nyeusi tangu kiwandani. Hazigeuki chochote. Utulivu mtupu."

"Na tangi?" Siwema alipaza sauti. "Nauliza mara ya nne!"

"Tangi!" Waziri aling'aa uso. "Tangi limetangazwa kuwa Darasa la Taifa. Wajumbe wa mataifa watakuja kujifunza pale. Tukilifunga, watajifunza nini? Huwezi kulifunga kosa hai, binti yangu. Lazima litunzwe katika mazingira yake ya asili."

*

Nishani ilitolewa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, uwanjani, kwa gwaride. Kosa lilitembezwa ndani ya kisanduku cha kioo juu ya mto wa mahameli. Ilikuwa ile fomu ya Siwema, jina lake limepakwa wino mweupe na la Waziri limeandikwa juu yake kwa hati ya dhahabu. Safu ya saba ilifunikwa na utepe. Mkurugenzi Ndimbwelu naye alipata nishani ndogo, kwa zile siku tatu alizolishika. Barua ya kumfukuza Siwema kazi ilisainiwa pale pale jukwaani, kati ya wimbo wa taifa na vinywaji baridi.

Bi Nyamizi ndiye aliyemletea. Hakusema "nilikwambia". Alimpa barua, na chini ya barua palikuwa na kitu kizito kilichofungwa gazeti. Siwema akafungua. Ilikuwa spana ndefu ya mafundi wa bomba.

"Nimeiazima stoo," alisema Bi Nyamizi. "Nimesahau kuandikisha. Kosa la uzee."

Jumamosi saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshapanda, na bomba la Bondeni lilikuwa na foleni kama kawaida: madumu ya njano, ndoo za rangi, sufuria zilizopasuka mpini, wanawake wakisemana na kucheka. Siwema alipita kando yao akashuka kwenye shimo la koki kuu nyuma ya kibanda. Koki ilikuwa na kutu. Aliing'ang'ania kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake wote, ikalia, ikasogea. Kule mbele maji yakawa uzi, uzi ukawa matone, matone yakakatika.

"We! Nani kagusa maji?"

"Kuna mtu shimoni!"

"Mtoe huko! Mwizi wa koki huyo!"

Walimtoa kwa kumshika nguo. Alisimama katikati yao, viganja vimechubuka, spana mkononi.

"Nimefunga mimi," alisema. "Maji haya yana kinyesi. Msinywe. Mimi ndiye niliyekuwa nayapima. Nilisema ni salama, na sikuwa na dawa ya kupimia. Nilishuku, nikanyamaza."

Hakukuwa na meza pale, wala safu saba. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyaandika kwenye fomu, lakini mbele ya nyuso zile yalitoka yakiwa mazito kiasi kwamba aliona aibu kuwa aliwahi kuyaandika kwa kalamu.

Foleni ikapasuka katikati. Mama Chausiku akapita. Siwema alimtambua, akafungua mdomo amwulize hali ya mgonjwa, na kabla hajauliza akaona kanga iliyofungwa kichwani, jinsi ilivyofungwa.

"Tatu tumemzika Jumanne," alisema Mama Chausiku.

Jumanne. Siku hiyo kosa lilikuwa mikononi mwa Mkurugenzi, likisubiri kupanda.

Siwema hakuona pole ya ukubwa huo. Mwanamke mmoja nyuma alimtukana tusi la nguoni, na lilistahili. Mwingine akasema tusi halitoshi, bora apigwe mawe. Mama Chausiku alikuwa bado anamtazama, hajaamua, gari la Serikali lilipofika likipiga honi. Wajumbe wa mataifa walitarajiwa saa nne, na Darasa la Taifa lilikuwa kavu.

Mkurugenzi Ndimbwelu alishuka na fulana yake na nishani yake. "Wananchi! Nani amethubutu kufunga?"

"Maji machafu, baba," alisema Mama Chausiku.

"Machafu? Mama, maji haya yana cheti. Yana muhuri."

"Kweli?"

"Mimi mwenyewe ndiye Mkurugenzi. Nakuhakikishia kwa heshima yangu."

Mama Chausiku aliinama kwenye dumu lililokuwa limejaa kabla maji hayajakatika, akachota kikombe cha plastiki, akakifuta ukingo kwa pindo la kanga kama anayemhudumia mgeni wa heshima, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu maji."

Mkurugenzi alikipokea, maana kukataa maji mbele ya watu ni ufedhuli hata Shwari. Akakitazama. Foleni nzima ikakitazama. Dereva wake akageukia upande wa pili, akaanza kuvutiwa sana na tairi.

"Nipo kazini," alisema Mkurugenzi.

"Na sisi tupo likizo?" sauti ikatoka nyuma.

Watu wakaguna. Mkurugenzi alikiinua kikombe hadi mdomoni. Kikagusa midomo. Midomo ikajibana kama mkoba wa bahili. Akakishusha.

"Nimefunga," alisema. "Leo nimefunga saumu."

Kwenye fulana yake, juu kidogo ya neno NIMEJIFUNZA, palikuwa na makombo ya sambusa.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanahesabu: nani alikunywa nini, tangu lini, na walimpa mtoto gani. Mama Chausiku alikichukua kikombe kutoka mkononi mwake polepole, akayamwaga yale maji chini, karibu kabisa na viatu vyake.

"Haya. Na bomba nalo limefunga, baba," alisema. "Nenda kafuturu."

Kisha akageuka. Akalimwaga na dumu zima. Mwenzake akamwaga lake. Wakamwaga wote, mmoja baada ya mwingine, ardhi ya Bondeni ikalowa na gari la Serikali likaanza kuzama matairi kwenye tope. Kisima cha karibu kilikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda na saa na nusu kurudi na mzigo. Wakaanza kusokota kata za kubebea ndoo kichwani.

Siwema alibaki amesimama na spana yake, hajui aende wapi. Mama Chausiku alipita mbele yake, akasimama, akamtupia ndoo. Halafu akamtupia ya pili.

"Wewe mpima maji," alisema bila kumwangalia. "Wewe utabeba mbili."

Siwema akaiweka spana chini, akabeba mbili.